Kiti cha juu kifungwe kwenye chesisi: barua kwa wanaotengeneza magari ya uwindaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, na wenye magari, na makampuni yenye vitalu vya uwindaji, juu ya jambo ambalo hujirudia kila mwaka tunapokaribia tarehe 1 Julai, siku ambayo msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa. Kuanzia mwezi wa Aprili, gereji zetu za hapa Dodoma hupokea pikapu zilizochoka, nyingine zikiwa zimenunuliwa mnadani na nyingine zikitoka shambani, na mwenye gari husema neno moja tu: nitengenezee gari la porini. Baada ya wiki mbili au tatu pikapu hiyo huondoka ikiwa imefungwa kiti kirefu nyuma ya kabini, vyuma vya kushikilia, bampa nzito, mkonga wa kupitisha hewa ya injini na rangi mpya ya kijani iliyofifia, kisha hushika barabara ya Manyoni na Itigi kuelekea mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo au Muhesi. Kwa nje inapendeza. Kinachonisumbua ni namna kile kiti kilivyoshikiliwa, kwa sababu juu yake na nyuma yake watakaa watu kwa muda wa miezi kadhaa, katika njia ambayo si njia.

Nimefanya kazi ya kuchomelea na kuunda bodi tangu nikiwa kijana wa kushika spana, na magari ya uwindaji niliyoyapitisha mikononi mwangu ni mengi, kuanzia Land Rover 109 za zamani hadi Land Cruiser tunazoziita mkonga. Nayasema haya kwa sababu ninayajua, na kwa sababu mojawapo ya magari hayo lilimwangusha mtu, na mkosaji nilikuwa mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Mteja alileta Land Rover 109 ya pikapu na kutaka kiti cha watu watatu nyuma ya kabini, na nyuma ya kiti hicho nafasi ya wafuata nyayo wawili kusimama. Nilikata engo, yaani vyuma vya pembe, nikaunda fremu nzuri iliyonyooka, nikaisimamisha juu ya sakafu ya bodi na kuichomelea kwenye bati la sakafu katika pembe nne. Nilijaribu kuitikisa kwa mikono miwili na haikutikisika, nikaridhika. Mnajua, wenzangu, bodi ya Land Rover ile kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, hivyo niliweka kwanza vipande vya bati la chuma, nikavifunga kwa ribiti, kisha nikachomelea miguu ya kiti juu ya vipande hivyo. Maana yake ni kwamba uzito wote wa watu wale ulining'inia kwenye ribiti. Wiki ya tano porini, gari likiwa linavuka korongo kavu kwa mwendo wa mtu anayetembea, upande wa kushoto uling'oka na fremu ikalala. Mmoja wa wafuata nyayo, mzee wa Kikimbu aliyelijua pori la Rungwa kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake, alianguka chini na kuvunjika nyonga. Nilikwenda kumwona hospitalini. Hakunilaumu hata kwa neno moja, ila aliniuliza kile kiti kilikuwa kimeshikwa na nini, na nilipomweleza akanyamaza kimya. Hakufuata nyayo tena mpaka alipofariki. Tangu siku hiyo sijafunga kiti chochote kwenye sakafu ya bodi, na ningependa fundi yeyote anayesoma barua hii asingoje kuona alichokiona mzee yule ndipo ajifunze.

Sasa nieleze kwa nini bati la sakafu halifai, na kwa nini kuchomelea kiti moja kwa moja kwenye chesisi pia hakufai, maana vijana wengi wakiambiwa la kwanza hukimbilia la pili. Chesisi ya pikapu ni vyuma viwili virefu vilivyounganishwa na vyuma vya kukingama, kama ngazi iliyolazwa. Imeundwa ili ijipinde. Gurudumu la mbele la kushoto linapopanda kisiki na la nyuma la kulia linapopanda ukingo wa korongo, ngazi ile hujisokota kidogo, kisha hurudi. Ndiyo maana kiwandani kabini na bodi ya nyuma havikuunganishwa, bali kila kimoja kimekaa juu ya raba zake na kuachiwa nafasi katikati. Simama kando ya pikapu inayopita kwenye mawe utaona nafasi hiyo ikifunguka upande mmoja na kufumba upande wa pili. Fundi anayechukua bomba moja na kulichomelea kutoka kwenye paa la kabini hadi kwenye bodi ya nyuma amefunga kamba mguu wa kulia na wa kushoto wa mtu anayetembea. Kitu lazima kitaachia, na kinachoachia mara nyingi ni kona ya kioo cha mbele, au mlango unaokataa kufunga, au chesisi yenyewe inayopasuka nyuma tu ya kabini, mahali pasipoonekana mpaka gari likunje mgongo.

Moto wa kuchomelea nao una hasara yake. Chuma cha chesisi kikipata joto kali mahali pamoja hubadilika tabia, na pembeni mwa weldi hiyo ndipo ufa huanzia, hasa ukiwa umechomelea kwenye mdomo, yaani ukingo, wa juu au wa chini wa chesisi, ambako mvutano ni mkubwa kuliko ubavuni. Ninachofanya mimi ni hiki. Naunda fremu ya chini inayojitegemea, inayolala sambamba na chesisi kwa urefu wote wa bodi, na katikati yake na chesisi naweka vipande vya mbao ngumu au raba nene. Fremu hiyo hushikwa na yubolti, bolti zenye umbo la herufi U, zinazozunguka chesisi bila kuitoboa. Yubolti za nyuma nazikaza kabisa, lakini za mbele naziwekea springi fupi ngumu chini ya nati ili chesisi inapojisokota fremu iweze kuinuka kidogo na kurudi. Miguu ya kiti inapita kwenye sakafu ya bodi na kukaa juu ya fremu hii, na bati halibebi chochote. Pale ambapo tundu halikwepeki, natoboa ubavuni mwa chesisi, katikati ya kimo chake, na si mdomoni. Kazi hii huongeza siku tatu au nne na gharama ya chuma kidogo, na hapo ndipo mteja huanza kulalamika kwamba gereji ya jirani humaliza mapema zaidi.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, tafadhali fungua nyaya za betri, la sivyo altaneta inayochaji betri itaungua na mwenye gari atagundua akiwa mbali na mji. Tangi la mafuta nalo liondolewe. Kwenye zile Land Rover 109 tangi liko chini ya kiti cha mbele, na tangi la petroli lililo tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki ndani.

Jambo la pili, na hili linawahusu zaidi wenye magari, ni uzito. Pikapu ya Land Cruiser ya aina tunayoitumia imetengenezwa kubeba takriban tani moja, pamoja na watu. Hebu tuhesabu kwa uaminifu. Fremu, kiti, chekapleti (bati nene lenye michoro) ya sakafu, bampa na winchi hufika kilo 200 bila shida. Watu katika gari la uwindaji huwa saba: dereva, mwindaji bingwa, mgeni, askari wa wanyamapori, wafuata nyayo wawili na mchunaji. Kwa kilo 70 kila mmoja, hizo ni kilo 490. Pipa la dizeli la lita 200 ni kama kilo 170. Maji, chakula, matairi mawili ya akiba, jeki, panga na shoka tuseme kilo 100. Mpaka hapo tumefika kilo 960, na bado hakijawindwa kitu. Mbogo dume huzidi kilo 600 na pofu dume hufikia hata 900. Mnyama huyo huvutwa kwa winchi hadi ndani ya bodi, watu wakapanda juu yake, na gari likarudi kambini usiku likiwa limezidiwa kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Pipa la mafuta libaki kambini, na mnyama mkubwa agawanywe mahali alipoangukia na kubebwa kwa safari mbili. Mwindaji bingwa mwenye uzoefu hatapinga hilo.

Suluhisho linalopendwa gerejini ni kuongeza pleti za springi nyuma. Kuongeza moja, wakati mwingine mbili, ni sawa. Lakini nimeona gari lililoongezwa pleti tano, springi ikawa haikunji tena, na kila shimo likapelekwa moja kwa moja kwenye vishikio vya springi na kwenye chesisi, ambavyo havikuumbwa kumeza mapigo hayo. Pleti haziongezi nguvu ya breki, wala hazifanyi ekseli iwe nene. Mtu akitaka kubeba zaidi aanze na breki za nyuma, afungue madramu, abadilishe lainingi na silinda zinazovuja, kisha ndipo aulize habari za springi. Pikapu ya miaka 30 iliyokuwa ikibeba mahindi mara moja kwa wiki haiwezi kugeuzwa kuwa gari la watu saba kwa kupakwa rangi.

Halafu kuna kimo. Wateja wanapenda kiti kiwe juu sana ili mgeni aone mbali juu ya majani, na ni kweli mwezi wa Julai majani katika miombo bado ni marefu, moto haujapita. Lakini kila sentimita unayoipandisha inapandisha pia uzito wa watu waliokaa juu, na gari ambalo lingeteremka ubavuni mwa kilima bila wasiwasi hupinduka. Kipimo changu, ambacho nimekipata kwa kazi na si kwa kitabu, ni kwamba makalio ya aliyekaa yasipite paa la kabini. Akitaka kuona zaidi asimame, gari likiwa limesimama, na awe na bomba la kushika mbele yake lenye kimo cha kiuno. Anayesimama nyuma ya kiti naye awe na bomba lake mwenyewe, na nyuma yake pawe na mnyororo au mkanda mpana wa turubai. Hapa nataka kuwa mkali. Magari mengi ninayoyaona yana sponji nene na ngozi safi pale anapokaa mgeni, lakini pale wanaposimama wafuata nyayo na askari hakuna kitu isipokuwa bati linaloteleza na ukingo wa bodi unaoishia magotini. Hawa ndio wanaokaa kwenye gari muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, kwani mgeni huondoka baada ya wiki mbili au tatu na wao hubaki mpaka msimu uishe. Bomba mbili za inchi moja na nusu zingetosha kuwashika.

Kukata paa la kabini nakataa, ingawa baadhi ya wateja huniona mzee mkaidi. Paa na nguzo zake ndizo zinazoshikilia kabini isifunguke, na siku gari litakapolala ubavu, hizo ndizo zitakazokuwa juu ya kichwa cha dereva. Anayetaka gari lisilo na paa atafute lile lililotengenezwa hivyo tangu kiwandani, au akubali kuwekewa upinde wa chuma nyuma ya dereva uliofungwa kwenye fremu ya chini.

Kiti cha juu kina mjadala mwingine unaohusu sheria. Mwaka baada ya mwaka naombwa kufunga kiegemezo cha bunduki kwenye bomba la mbele, au taa kubwa ya kuzungushwa kwa mkono. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kutoka kwenye gari, na wawindaji wote halali wanaijua kanuni ya kushuka na kusogea mita 200 kabla ya kupiga risasi. Kuwinda usiku kwa kummulika mnyama nako ni kosa. Kwa hiyo kiti kile ni mahali pa kutazamia na pa kusafiria tu, na fundi anayefunga kiegemezo anamtengenezea mwenzake njia ya kwenda mahakamani. Kinachohitajika kwa bunduki ni raki iliyofunikwa sponji na ngozi, yenye mikanda, ambamo bunduki inakaa chemba ikiwa tupu na mtutu ukiwa haumwelekei mtu yeyote, wala aliye mbele wala aliye nyuma. Nimeona raki zilizofungwa nyuma ya kabini kwa namna ambayo mtutu hutazama tumbo la mfuata nyayo. Raki hiyo ingegeuzwa kwa kazi ya nusu saa.

Yapo mambo madogo ambayo pori la kwetu linayadai na ambayo fundi asiyewahi kufika huko hawezi kuyakisia. Mbegu za majani huziba rejeta ndani ya saa moja na injini huchemka, hivyo pawe na wavu laini wa chuma mbele unaotoka kwa urahisi ili usafishwe. Majani makavu hujikusanya juu ya ekzosi na kushika moto, na magari yameungua kwa sababu hiyo, kwa hiyo sehemu ya chini iachwe wazi, asiweke mtu vikinga vinavyogeuka kuwa viota vya majani, na kizima moto kikae mahali ambapo aliye nyuma anakifikia. Miiba ya vichaka vya Itigi haina huruma kwa matairi wala kwa nyaya za breki zinazoning'inia. Rangi pia ina maana yake: mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea, na zaidi kikiwa cha buluu au cheusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari la rangi ya majani makavu au kijani kilichofifia litawapunguzia waliomo mateso, na wenyeji huongeza kopo la kinyesi cha tembo kinachofuka moshi, lililoning'inizwa nyuma. Fundi aweke ndoano ya kopo hilo mbali na tangi la mafuta, maana asipoiweka yeye, watu wataifunga wenyewe mahali popote.

Ombi langu, Mhariri, nalielekeza sehemu tatu. Kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, naomba kozi za uchomeleaji na za ufundi wa magari zifundishe kwa pamoja, angalau kwa siku chache, namna ya kufunga bodi juu ya chesisi, kwa sababu kijana anayejua kuchomelea vizuri bila kujua chesisi inavyojisokota atachomelea vizuri mahali pasipostahili. Kwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori ambayo tangu mwaka 2016 ndiyo inayosimamia mapori ya akiba, naomba gari linaloingia kwenye kitalu na kubeba askari wake likaguliwe chini kabla ya msimu: mtu alale chini ya gari na tochi, atazame kiti kimeshikwa na nini. Ukaguzi huo hauzidi robo saa. Na kwa wenye magari, naomba kabla ya kumlipa fundi wamwombe awaonyeshe yubolti, na pia waende kutoa taarifa za mabadiliko ya gari ili kadi ya gari isomeke sawa na kile kinachotembea barabarani, kwani kati ya Dodoma na Itigi kuna vituo vya ukaguzi na kuna abiria wa magari mengine wanaotumia lami hiyo hiyo.

Kwa mafundi wenzangu sina la kuagiza, nina la kutoa. Nimeacha kazi za kila siku lakini nyumbani kwangu bado kuna fremu moja ya chini niliyoiunda kwa ajili ya pikapu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, ikiwa na yubolti zake zote na springi zake za mbele. Yeyote anayetaka kuipima na kuinakili kabla ya Julai aje na futi yake na daftari, nami nitamwonyesha bila malipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mstaafu,
Kizota, Dodoma.